Serikali ikianguka, deni halianguki nayo

SWALI: Habari za kazi, mwanasheria. Nafundisha uraia sekondari. Mwalimu mwenzangu amewaambia wanafunzi kwamba "dola" ni jina la vitabuni tu la "serikali", na kwamba serikali ikiondolewa madarakani, mikataba na madeni yake yanakufa nayo. Hayo ameyapata kwenye video inayosambazwa sana. Kamusi yangu nayo inaeleza neno moja kwa kutumia jingine. Niwaeleze nini wanafunzi?

JIBU: Njema, mwalimu. Mwenzako amekosea mara mbili, na kosa la pili limezaliwa na la kwanza.

Kamusi usiilaumu sana. Kila siku tunasema gari la serikali, shule ya serikali, mtu wa serikali, na tunaelewana bila shida. Lakini katika sheria, serikali ni watu na ofisi zinazoendesha mamlaka kwa kipindi fulani. Dola ndiyo yenye mamlaka hayo. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataja sifa nne za dola: wakazi wa kudumu, eneo maalumu, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Serikali ni sifa moja tu kati ya hizo. Bunge na mahakama ni vyombo vya dola pia, na ndiyo maana jaji anaweza kuitia serikali hatiani bila kuisaliti nchi yake.

Ubelgiji ilifanya uchaguzi Juni 2010, na zikapita siku 541 kabla ya serikali mpya kuapishwa. Mawaziri waliokwisha kujiuzulu waliendelea kushika shughuli za kawaida. Hakuna aliyedai kwamba Ubelgiji imetoweka. Machi 2011 ilipeleka ndege za kivita katika operesheni ya Libya.

Sasa hili la madeni, ambalo naletewa kila mara na watu wazima wenye biashara zao. Wasomeshe wanafunzi kesi ya Kostarika. Januari 1917 Federico Tinoco alitwaa madaraka kwa nguvu, akatawala hadi 1919. Waliomfuata walitunga sheria ya kufuta mikataba yake. Uingereza ikalalamika kwa niaba ya kampuni zake, na shauri likapelekwa kwa msuluhishi, William Howard Taft, Jaji Mkuu wa Marekani na rais wa zamani wa nchi hiyo. Alitoa uamuzi Oktoba 1923. Alisema Tinoco ndiye aliyekuwa anatawala kweli, hata kama Uingereza yenyewe haikuwahi kumtambua, na kwa hiyo vitendo vya serikali yake viliweza kuifunga Kostarika. Serikali kubadilika hakuifutii dola wajibu wake.

Wanaosambaza video hawafiki kwenye sehemu inayofuata. Royal Bank of Canada ilitoa fedha siku za mwisho za utawala huo ikijua kwamba ni za matumizi ya Tinoco mwenyewe akikimbilia nje. Taft alikataa kuitwisha Kostarika deni hilo. Mkataba wa mafuta nao ulianguka, kwa sababu ulikuwa na msamaha wa kodi uliohitaji idhini ya mabaraza yote mawili ya bunge chini ya katiba ya Tinoco mwenyewe, na ulipitishwa na baraza moja. Maana yake mkataba unaweza kufa, ila haufi kwa sababu aliyeusaini ameondoka. Unauliza kama alisaini kwa niaba ya dola, kwa utaratibu uliokuwepo, na kama fedha zilikwenda kwa dola au mfukoni mwake. Mtu anayeruka maswali hayo na kukupa jibu la sekunde thelathini hakufundishi sheria.

Hasira yangu zaidi ni kwa wanaogeuza mchanganyiko huu kuwa biashara. Wanaanza na kauli ile ile kwamba dola ni serikali tu. Halafu wanasema serikali ni kampuni, kampuni inahitaji mkataba nawe, nawe hukusaini chochote, basi hudaiwi kodi wala huwajibiki mahakamani. Mwisho wanakuuzia fomu ya "kujitoa". Marekani wapo wanaojiita raia huru, na Ujerumani wapo wanaodai jamhuri iliyopo si dola halali. Mwaka 2012 Jaji Rooke wa Alberta, Kanada, katika kesi ya Meads dhidi ya Meads, aliandika hukumu ndefu akichambua hoja hizi moja baada ya nyingine na kuonyesha kwamba hazina msingi wowote kisheria. Ile ilikuwa kesi ya talaka. Mume alileta karatasi za aina hiyo mahakamani, na hukumu inawataja waziwazi wanaotajirika kwa kuwauzia watu nadharia hizo.

Karatasi hizo hazimkingi mtu na hukumu. Faini hubaki, riba ya kodi huendelea kuhesabiwa, na aliyeuza fomu hatakuwepo mahakamani siku ya kujibu. Mwanafunzi wako akikutana na video inayodai kwamba hadaiwi kwa sababu hakuipigia kura serikali iliyopo, ajue kwamba anadaiwa kodi na dola, na dola haibadiliki na matokeo ya kura.