Mtoto anasoma piano, mzazi ana maswali: majibu ya mwalimu kutoka Moshi

Haya jamani, maswali yamejaa na mengi yanafanana, nimechukua ya hawa wachache. Wa ada na nafasi nitawajibu pembeni, msikasirike.

Shikamoo mwalimu. Binti yangu anakaribia miaka mitano, kaona violini kanisani sasa hanipi raha. Nimuanzishe au nisubiri ajue kusoma kwanza? (Mama, Soweto, Moshi)

Marahaba mama. Muanzishe. Kusoma sio kigezo kabisa, kuna Mjapani anaitwa Shinichi Suzuki alijenga njia yake yote kwenye jambo moja, kwamba mtoto anajua kuongea kabla hajajua herufi, basi na muziki ausikie na aupige kabla hajaonyeshwa nota. Na katika njia hiyo mzazi anakaa darasani, anaangalia, akirudi nyumbani yeye ndiye mwalimu. Kwa hiyo swali langu kwako, una dakika kumi kila siku? Sio saa nzima Jumamosi mtoto kachoka, nasema kumi, kila siku, ukiwa umekaa hapo na simu umeiweka mbali. Kama huna, subiri mpaka upate, maana bila wewe violini itakaa juu ya kabati.

Halafu saizi. Violini zipo ndogo ndogo, 1/16, 1/10, 1/8, zinapanda hivyo mpaka 4/4 ya mtu mzima, na mtoto wa umri huo mara nyingi anaangukia kwenye hizo za mwanzo. Usimnunulie kubwa ili akue nayo kama sweta la shule. Violini ikiwa kubwa bega linapanda, shingo inapinda, na ukimwacha mwaka mzima hivyo kumrekebisha ni kazi kuliko kumfundisha upya. Mpime akiwa ameishika begani, mkono wa kushoto umenyooka, kiganja kifike kwenye kichwa cha violini bila kujivuta.

Kuna mzungu anahama anauza piano ya mbao, ya zamani lakini inang'aa. Mwingine ananiambia ninunue kibodi tu. Watoto wangu watatu wote wanataka. Nishauri. (Baba, Njiro, Arusha)

Kung'aa achana nako, hilo ni vanishi. Ndani ya piano kuna nyuzi zaidi ya 200 na zote zimekazwa, ukijumlisha mvuto wake ni matani, sio kilo. Zimezungushwa kwenye pini za chuma na pini zimechomekwa kwenye ubao mgumu sana, sasa huo ubao ndio roho ya biashara yako. Ukikauka na kupasuka pini hazishiki tena, fundi anatuni leo (anaziweka nyuzi kwenye sauti yake), wiki ijayo imeshashuka, na wewe umeshamlipa. Hali ya hewa yetu nayo unaijua, masika kila kitu kinavimba, kiangazi kila kitu kinasinyaa, ubao nao hivyo hivyo.

Nenda na tochi. Mwambie mwenye nyumba afungue paneli ya chini, angalia unga unga wa mchwa, angalia felti zilizotafunwa na panya (wanazipenda sana sijui kwa nini), halafu piga vitufe vyote 88 kimoja kimoja, usione aibu, sikiliza kinachobaki chini, kinachogonga bila sauti, kinachotoa sauti mbili zinazogombana. Kisha weka app ya kutuni kwenye simu upige A ya katikati (nota ya A iliyo kulia kidogo ya katikati ya vitufe), inatakiwa isome 440. Ikisoma kama 438 hivi hiyo ni ya kawaida. Ikisoma 415 imeshuka nusu toni nzima, yaani kitufe kimoja kinalia kama jirani yake wa chini, hiyo haipandishwi siku moja, na nyuzi zilizozeeka ukizivuta kwa pupa zinakatika, tena kwa kishindo.

Mafundi wa kutuni huku kwetu ni wa kuhesabu, kwa hiyo kama hujampata wa kuikagua kabla ya kutoa hela, mimi ningechukua piano ya umeme yenye vitufe 88 vizito. Narudia, vizito. Kile kikibodi cha vitufe 61 vyepesi ambacho ukipuliza kinalia kinamfundisha mtoto kugusa, hakimfundishi kupiga, siku akikaa kwenye piano ya kweli sauti haitoki na anadhani kasahau. Ubaya wa ya umeme ni kwamba umeme ukikatika inanyamaza, ya mbao haijali. Na kwa watoto watatu kuna faida ambayo wazazi wengi hawaiwazi: hedifoni. Mama yao atakushukuru.

Mwalimu wangu ananipigisha skeli tu, mimi nataka kupiga gospel kanisani. Nina miaka 13. Für Elise tayari naijua. (Sakina, Arusha)

Dogo, zile mbio ambazo mpiga kinanda wenu anazitupia katikati ya pambio watu wanapiga makofi, unadhani ni nini? Skeli, hizo hizo nota za ufunguo mmoja zinazopanda na kushuka kwa mpangilio. Tena wale wa gospel wanapenda D flati na A flati, vitufe vyeusi kibao, asiyezijua skeli hizo anabaki kubonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mwambie mwalimu wako wimbo unaoupenda uko ufunguo gani, muombe skeli ya ufunguo huo ndio iwe ya wiki. Akikataa niambie, lakini sidhani.

Für Elise unayoijua ni ukurasa wa kwanza, sio? Wote mnaijua hiyo. Beethoven aliiandika 1810 na ikaja kuchapishwa 1867, mwenyewe keshakufa miaka 40, na ina sehemu nyingine mbili, ya mwisho mkono wa kushoto unagonga A ileile tu bila kupumzika. Niletee hiyo.

Mwanangu ana mwaka mmoja wa piano. Nataka afanye gredi 5 mwaka huu, nasikia inaruhusiwa kuruka. (Baba, Shanty Town, Moshi)

Inaruhusiwa kweli. Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza, ambayo ipo tangu 1889, ina gredi 1 mpaka 8 na hawakulazimishi kuanzia chini, wanachokudai ni nadharia ya gredi 5 au mbadala wake kabla hujagusa mtihani wa gredi 6. Mtihani wa vitendo una alama 150, kufaulu ni 100, merit 120, distinction 130. Vipande vitatu vinabeba 90, sasa ona zilizobaki ziko wapi: skeli 21, kusoma nota ambazo hujawahi kuziona 21, masikio 18.

Mzee wangu, nyingi ya hizo 60 hazikaririwi. Aliletwa kwangu mtoto na cheti cha gredi 3, kizuri, kimewekwa kwenye fremu, nikamwekea wimbo wa kitabu cha nyimbo, sauti ya kwanza peke yake, mkono mmoja. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema "teacher, piga kwanza nisikie." Nikapiga, akaupiga wote bila kukosea. Sikio la dhahabu! Lakini miaka yote hiyo vipande vyake alikuwa anaonyeshwa kidole kwa kidole, karatasi ilikuwa pambo tu. Tulirudi mwanzo kabisa na mama yake hakufurahi.

Siku hizi upo na mtihani wa kurekodi video, vipande vinne, hakuna skeli wala kusoma papo hapo, na najua kuna atakayekwambia hiyo ndio njia ya mkato. Ni mtihani halali, siuchukii, ila kwa mtoto wa mwaka mmoja gredi 5 bado ni mlima, utamchosha na atauacha muziki akiwa na miaka 12. Gredi 1, labda 2, na aache kuogopa karatasi.

Wajukuu zangu wanafundishwa muziki wa wazungu, ngoma zetu hawazijui. Hamuoni aibu? (Mzee, Machame)

Shikamoo mzee. La ngoma nalikubali, na shule nyingi binafsi tunajificha kwenye hilo, tunasema "tutaleta mwalimu wa ngoma" na hatumleti. Makumira pale Usa River wana digrii ya muziki, vijana wanaotoka pale wapo, tuwaajiri.

Ila kuhusu uzungu nikupe kisa kimoja. Wamisionari wa Kilutheri waliopanda huku Kilimanjaro 1893 walitoka Leipzig. Leipzig, mji wa Ujerumani, ndiko mtunzi Bach alikofanya kazi kanisani kuanzia 1723 mpaka alipofariki 1750, na muziki wa ibada aliokuwa anauandika aliujenga sana juu ya nyimbo za Walutheri, koral zilezile ambazo nyingine zimo kwenye kitabu chenu cha nyimbo. Kwa hiyo mjukuu wako akipiga Bach, kaa karibu, huenda wewe ukaujua wimbo kabla yake, tena na besi yake. Nimeona babu akiimba besi nyuma ya mtoto aliyekuwa anahangaika na mkono wa kushoto, na mkono ukatulia.

Nafundisha watoto waliotoka kwaya. Do re mi wanaimba vizuri sana, nikiwawekea mistari mitano ya nota wanachanganyikiwa. (Mwalimu mwenzako, Usa River)

Kwa sababu do yao inahama na G yako haihami. Kwenye solfa, hiyo do re mi yao, wimbo ukiwa ufunguo wa F, do ni F, ukiwa G, do ni G, mtoto anasikia umbali kati ya sauti na sauti. Wewe unamwonyesha mahali. Usimnyang'anye solfa, nakuomba, kuna walimu wanawakataza kabisa na wanaua kitu walichokuja nacho bure. Mimi mwimba alto nampa alto yake mwenyewe, anaimba kwa solfa huku anaitafuta kwenye vitufe, kidole kimoja. Ikikaa, kesho yake tunaihamishia F. Maneno ya solfa yaleyale, vitufe vingine. Hapo ndio uso unabadilika, na ndio naweka karatasi, sio kabla.

Ni kweli mtoto akisikiliza Mozart anakuwa na akili darasani? (Kijenge, Arusha)

Hapana. Utafiti uliozua hayo ni wa 1993, waliopimwa ni wanafunzi wa chuo kikuu, na matokeo yenyewe yalidumu kama robo saa. Mwekee Mozart kwa sababu ni mtamu.

Binti yangu wa miaka 9 alibandikwa kucha kwa ajili ya harusi ya shangazi yake, mwalimu kamrudisha nyumbani. Ni haki? (Mama, Rau)

Pole mama, lakini na mimi ningemrudisha. Kucha ndefu zinamlaza kidole, anapiga kwa nyama ya pembeni, na muda wote ni tak tak tak kwenye vitufe. Angekuwa wa violini ndio kabisa, mkono wa kushoto usingekandamiza hata waya mmoja. Rangi haina shida. Abaki na rangi, urefu utoke, na darasa lililompita muombe mwalimu alifidie.