Excel inanilia sifuri zangu!

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma stashahada ya maabara hapa Morogoro. Nina vipimo kwenye Excel, kuna 12345.678, kuna 0.0012345, kuna 0.0500, na mwalimu anataka vyote kwa tarakimu tatu za maana. Nimebonyeza kile kitufe cha kupunguza desimali mpaka kidole kinauma, namba kubwa ikikaa vizuri ile ndogo inakuwa 0.00, afu hiyo 0.0500 kila nikiandika inabaki 0.05 na maksi nakatwa mimi. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hukosei, kitufe ndo sicho. Kile kinahesabu tarakimu baada ya nukta tu, wakati tarakimu za maana tunaanza kuhesabu kwenye tarakimu ya kwanza isiyo sifuri, iwe kabla ya nukta au mbali huko baada yake, na Excel haina kitufe cha hiyo kazi. Kama namba yako iko A2, nenda B2 uandike:

=ROUND(A2,2-INT(LOG10(ABS(A2))))

Isikutishe. LOG10 inaangalia tu namba ina ukubwa gani, kwa 12345.678 ile INT inatoa 4, so 2 toa 4 ni -2, na ROUND ukiipa -2 inakadiria kwenye mamia, unapata 12300. Kwa 0.0012345 inatoa -3, 2 toa -3 ni 5, basi desimali tano, 0.00123. Hiyo 2 ni tatu toa moja, ukitaka tarakimu nne weka 3. ABS ni ya namba hasi. Na kama kuna seli yenye sifuri itakutemea #NUM! kwa sababu sifuri haina logi, hapo anza na =IF(A2=0,0, halafu fomula yote bila ile = ya mwanzo, ufunge na mabano moja zaidi.

Sasa 0.0500 yako. ROUND haikusaidii hapo, maana kwa Excel 0.05 na 0.0500 ni namba ileile. Mimi ningechagua seli zote, niende Format Cells, Scientific, desimali 2, basi. Inakuja 5.00E-02, yani 5.00 mara kumi kipeo -2, na 12345.678 inakuwa 1.23E+04 hivyo hakuna wa kukuuliza zile sifuri mbili za 12300 zilipimwa au za kujazia.

Kuna walimu hawataki kuiona hiyo E. Basi C2 weka:

=FIXED(B2,2-INT(LOG10(ABS(B2))),TRUE)

Soma kutoka B2 ambayo imeshakadiriwa, sio A2, maana 9.996 ukiitoa A2 moja kwa moja utapata 10.00, tarakimu nne hizo, ukipitia B2 unapata 10.0. Ila angalia, FIXED inatoa maandishi, sio namba, ukipiga SUM kwenye hiyo kolamu inakuletea 0 na utatafuta kosa usiku kucha (yamenikuta). Hesabu zako zote fanyia kwenye A, hizo B na C ni za kuonyesha tu kwenye ripoti.

Kompyuta yako ikikataa mkato ndani ya fomula, jaribu nukta mkato. Na kama kuna rafiki ana LibreOffice, yeye anaandika =ROUNDSIG(A2;3) kazi ya kukadiria imeisha, ingawa sifuri za mwisho naye zitampotea vilevile.