Malengo ya wanafunzi kumpima mwalimu, inategemea yamewekwaje

Mwalimu, umeuliza kama ni haki mwalimu kupewa alama kwa malengo ya maendeleo anayowawekea wanafunzi wake. Angalia Marekani, jiji la Denver walianza kuijaribu njia hii 1999, na inaendaje: mwanzo wa mwaka unawapima watoto uone wako wapi, unaandika lengo, mkuu wa shule analipitisha, mwisho wa mwaka mnaangalia wamesogea kiasi gani. Uzuri wake ni kwamba hata mwalimu wa muziki au michezo anapimika, maana masomo mengi hayana mtihani wa jimbo kabisa.

Shida inaanza alama ikishafungwa na mshahara au ajira. Kuanzia 2009 serikali kuu ilipotangaza zile dola bilioni 4.35 za Race to the Top, yaani shindano la majimbo kugombea fedha za elimu, majimbo mengi yakakimbilia kuwapima walimu kwa maendeleo ya wanafunzi, sasa hapo aliyeweka lengo la chini anang'aa kuliko aliyejituma akaweka la juu akalikosa kidogo, hiyo si haki jamani na inawaumiza walimu wazuri kabisa. Sheria ya elimu ya nchi nzima ya 2015 ikayaachia majimbo yaamue yenyewe namna ya kuwapima walimu.

Mimi naona faida yake kubwa iko katikati ya mwaka, mwalimu na mkuu wake wakikaa wakaangalia nani amekwama wakati bado muda wa kubadilisha ufundishaji upo. Na mtoto aliyehamia majuzi au mtoro sugu asihesabiwe sawa na aliyekuwepo tangu siku ya kwanza.