Kaka hataki kupima, shemeji yuko kwenye dawa: yaliyonipata mimi Pate

Nimeisoma habari yako mara mbili, ndugu yangu. Shemeji yako, mke wa kaka yako, anakunywa dawa za ukimwi mwaka wa tatu huu. Kaka yako hataki hata kusikia kupimwa, kwa kuwa hana dalili na eti ile kliniki ni ya wanawake. Nyumbani washaamua kwamba mke ndiye aliyeuleta, maana ndiye aliyepatikana nao mwanzo. Mwisho ukauliza kama wanawake wanapendelewa kwenye matibabu haya. Nilikuwa mke wa mvuvi, na nimejua nina virusi tangu 2009. Nitakujibu nilivyoyapitia.

Hilo la "kupatikana mwanzo" ndilo lililoniuma. Mimi sikwenda kupima ukimwi. Nilikwenda na mimba ya miezi mitano. Kliniki ya wajawazito unapimwa uzito, presha na damu, unatobolewa kidole, yote kwa mkupuo mmoja, na kabla jasho la njiani halijakauka ushajua. Mume wangu miaka yote hiyo hakuwa na jambo la kumpeleka zahanati. Hazai yeye. Akishikwa na homa ananunua vidonge dukani, mgongo ukimuuma anakandwa. Bahari ikitulia yuko Kiunga anatafuta kamba, wiki nzima. Basi watu wawili walalao kitanda kimoja, mmoja ananaswa kila akibeba mimba, mwengine hanaswi na chochote. Nani atajulikana mwanzo? Aliyejua mwanzo si lazima awe ndiye aliyeambukizwa mwanzo. Lakini watu wa nyumbani hawahesabu hivyo.

Dawa zilikuwa bure. Katika hospitali za serikali ni bure tangu 2006. Boti ndiyo haikuwa bure. Kutoka kwetu kisiwa cha Pate mpaka Amu, yaani Lamu mjini, ilikuwa lazima mungoje maji yajae ndipo mpite mkondo wa Mkanda, kwa hivyo kuchukua dawa pengine ni kulala huko. Na nauli iko mfukoni kwa mume. Humwambii mtu "nipe nauli" kila mwezi asikuulize una nini Amu. Nilisingizia meno. Meno yalipokwisha nikamsingizia shangazi. Maskini shangazi yangu, aliugua mwaka mzima pasipo mwenyewe kujua.

Kilichonitesa zaidi ni chupa. Siku hizo zilikuwa vidonge 60 kwa mwezi, asubuhi na jioni, na ukitembea nayo ile chupa inalia kama kayamba. Niliijaza pamba juu, nikaizungushia kitambaa, nikaizika ndani ya mkebe wa unga wa mahamri, kwa sababu mwanamume wa kwetu hata nyumba iwe inaungua hatii mkono kwenye unga. Saa zenyewe zilinikaa vizuri: jioni nakanda, alfajiri nachoma. Watu wakisifu mahamri yangu nami nikicheka peke yangu.

Mwaka 2011 muuguzi akanihesabia vidonge. Vilitakiwa vibaki 10, vikawa 2. Akanifokea mbele za watu kwamba ama nazidisha ama nauza. Nililia mpaka gatini. Siku chache baadaye usiku, niko macho nimejifunika leso, nikasikia kifuniko cha mkebe. Alikuwa ni yeye, baba watoto, mkono mweupe kwa unga mpaka kwenye kiwiko. Hakusema kitu, nami sikusema. Amejua, sijui tangu lini. Amekonda, ana kikohozi kisichokwisha, na badala ya kupanda boti ileile akakae kwenye benchi lilelile na kina mama wenye matumbo, anachomoa za mkewe, siku anayokumbuka.

Hazikumsaidia kitu. Dawa hizi ukizinywa kwa kurukaruka virusi vinazizoea, mwisho hazivitishi tena. Na mimi niliyekuwa napunjwa nilikuwa kwenye hatari ileile. Alipokubali kwenda hospitali alikwenda amebebwa, kifua kikuu kishamla. Alifariki 2012.

Nikakaa eda. Wewe ni mtu wa huku, huhitaji kuelezwa: miezi 4 na siku 10. Dawa zangu zilikuwa za mwezi mmoja. Mama mkwe akasema kizuka, mjane aliye edani, hatoki, basi. Ningemwambia natoka kwenda wapi? Msiba haujapoa, wangesema nimemuua mtoto wao. Nilikosa dawa siku 19. Dada yangu ndiye aliyekwenda kwa sheikh mmoja bila kunitaja, akauliza tu, kizuka mgonjwa afanyeje? Akajibiwa matibabu ni dharura, atoke mchana arudi kwake. Sheikh mwenyewe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku 19 nilikuwa nakufa kwa kukosa mtu wa kuuliza.

Sasa huko kupendelewa. Ni kweli benchi limejaa wanawake. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta kati ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64, wanawake wenye virusi ni asilimia 6.6 na wanaume asilimia 3.1, kwa hivyo tuko wengi tangu hapo. Na kwenye kufikiwa na dawa pia tumetangulia: hesabu za UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la ukimwi, za 2023 kwa dunia nzima ni asilimia 83 ya wanawake wenye virusi na asilimia 72 ya wanaume. Ukizitazama tarakimu pekee utasema tunapendelewa. Lakini tunatafutwa kwa ajili ya tumbo. 2018 kilipokuja kidonge chenye dolutegravir, kizuri kuliko vya zamani, ikatoka tahadhari kutoka utafiti wa Botswana kwamba huenda kikadhuru mtoto akiwa tumboni. Wanaume wakabadilishiwa. Sisi wa umri wa kuzaa wengi tukaachwa na efavirenz, dawa ya zamani, ile inayokupa kizunguzungu na ndoto za kukimbizwa usiku kucha, hata aliyekuwa hana haja tena ya mtoto. Hatukuulizwa. Julai mwaka huohuo wanawake wenye virusi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali wakadai waelezwe hatari ilivyo, wachague wenyewe. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kidonge hicho kwa wote, wanawake wakiwemo.

Kuhusu kaka yako. Majibu ya mkewe si majibu yake. Anaweza kuwa hana kabisa, na hapo kuna dawa za kumkinga. Kama haya yake ni ya kuonekana kliniki, vifaa vya kujipima kwa mate vipo Kenya tangu 2017, ajipime chumbani. Vikionyesha ana virusi, lazima aende akathibitishiwe. Hilo la kungoja dalili tuliliacha zamani: tangu 2016 ukipatikana unaanzishiwa dawa, uwe mnene uwe mwembamba. Siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, na ukishatulia unapewa cha miezi mitatu, kwa hivyo hata wa baharini hana udhuru. Ramadhani anakunywa baada ya futari. Virusi vikishuka mpaka havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mtu kitandani. Usimwitie kikao cha wazee, atazidi kukaza shingo. Mchukue mwende wawili, na wewe upime.

Wala msingoje atumwe mtu wa kumfuata. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, wengi waliokuwa wakilipwa kupiga simu na kugonga milango hawapo tena.

Na kabla ya yote hayo, muulize shemeji yako kwa faragha kama vidonge vyake vinatimia.