Mnaotamani Kwenda Monduli, Mtazameni Kamanda wa Platuni

Vijana wa hapa Dodoma mnaopitia JKT Makutupora mkiwa na tamaa ya siku moja kuvaa nyota ya luteni usu, cheo cha kwanza cha afisa, huniuliza zaidi kuhusu mbio na baridi ya Monduli, kilipo chuo cha maafisa wa jeshi. Mbio mtazizoea. Baridi ya Juni na Julai ni kali kwa aliyekulia jua la Dodoma, lakini sijaona aliyeacha chuo kwa sababu yake. Lenye uzito zaidi ni kumtafuta mapema kiongozi wa kumtazama kwa makini, kisha kujiuliza kwa nini anafanya anayoyafanya.

Mimi nilimtazama kapteni aliyeongoza platuni yetu, yaani kikundi chetu cha mafunzo, chuoni. Hakuwa na sauti kubwa, na kwenye gwaride wapo waliomzidi. Lakini kila tulipomaliza mwendo mrefu wa miguu, kabla yeye mwenyewe hajaketi wala kunywa maji, alituamuru tuvue buti na soksi, akapita akikagua nyayo za kila mmoja. Alitueleza kwamba ngozi iliyoloa jasho hulainika, buti huisugua hadi ikatoka malengelenge, na kesho yake platuni ina mtu anayechechemea pamoja na wenzake wanaolazimika kubeba mzigo wake. Baadaye alituachia tukaguane kwa zamu, naye akawa anamkagua mkaguzi. Mwanzoni mtaona aibu kushika mguu wa mwenzenu; huisha upesi.

Alikuwa pia na desturi ya kutoa amri kisha kumtaka aliye mgeni kuliko wote, wala si hodari kuliko wote, airudie kwa maneno yake. Huyo alipokosea hakukaripiwa: kapteni aliitoa amri upya kwa sentensi fupi zaidi, kwa kuwa aliamini kwamba amri isiyoeleweka ni kazi ambayo kamanda hajaimaliza.

Msimamo huo aliufungamanisha na historia ya jeshi letu. Alitukumbusha mara nyingi kwamba tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi la wakati ule, waliasi Dar es Salaam, na uasi ukafika hadi Tabora, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Jeshi lile lilivunjwa, na jeshi letu la sasa, JWTZ, likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Hakuwatetea walioasi hata kidogo, ila alisisitiza kwamba afisa anayesubiri malalamiko yamfikie kwa maandishi amekwisha kuchelewa.

Ndiyo maana alitufundisha namna ya kuanza na sajenti wa platuni, ambaye kwa kawaida atakuwa amelitumikia jeshi miaka mingi kabla ya luteni usu mpya kuripoti kikosini. Muulizeni faraghani, kwa heshima, nani ana mgonjwa nyumbani, nani hajaenda likizo kwa muda mrefu, na kifaa gani kimeandikwa kizima kwenye daftari la ghala ilhali ni kibovu. Yaandikeni majibu na kuyafanyia kazi upesi. Ushauri utakuwa wake, lakini uamuzi utoeni wenyewe, kwa kuwa mtakaoulizwa ni ninyi. Kwa uzoefu wangu, swali la ghala ndilo humfanya sajenti amtazame afisa mpya kwa jicho jingine, maana wageni wengi hawalifikirii kabisa.