Mkuu, futa hiyo sentensi ya "nikipinduka nitasimama"

Mleta uzi, umeuliza kayaki (kale kamtumbwi ka mtu mmoja) fupi au ndefu, kasia la urefu gani, mto wa daraja gani la ugumu wa kuanzia, mazoezi ya bwawani yana faida au ni kupoteza muda, na kama wawili mnatosha. Maswali mazuri. Ila katikati yake umepachika kasentensi kamoja kama utani: "mto wenyewe si wa kutisha, maji ni ya kiunoni, nikipinduka nitasimama tu." Nilipofika hapo nilirudia kusoma mara mbili, na goti langu la kulia likaanza kuuma lenyewe.

Usisimame. Hayo mengine yatasubiri.

Maneno hayo hayo, karibu neno kwa neno, niliambiwa mimi siku yangu ya kwanza mtoni. Aliyeniambia hakuwa mtoto. Alikuwa na kayaki tatu juu ya paa la gari, jaketi okozi lililopauka kwa jua, na ile sauti ya mtu ambaye mto ni kama ua wa nyumbani kwake. Nikamuuliza, je nikipinduka? Akacheka, akaingia mtoni hadi kiunoni, akasimama pale mikono kwenye nyonga kama anapigwa picha. "Unaona? Utasimama, utajipangusa, tutaendelea." Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba alikuwa amesimama pembeni, mahali maji hayaendi popote. Lakini mimi nilichoona ni mtu mzima amesimama mtoni, nikaridhika.

Nilipinduka dakika ya ishirini hivi. Natoka kwenye maji tulivu ya nyuma ya jiwe (wenyewe wanaita edi), naingia mkondo mkuu, na nikafanya kosa la kila mgeni: niliegemea upande maji yanakotoka badala ya kuegemea yanakoelekea. Mkondo ukakamata ukingo wa kayaki, chini juu. Hilo halikunitisha. Nilikuwa nimefanya mazoezi bwawani: nikainama mbele, nikavuta kitanzi cha ile sketi inayofunika tundu la kayaki, nikajisukuma nje, kichwa kikatokeza. Nikajiona bingwa. Nikasema moyoni, sehemu ngumu imekwisha. Nikashusha miguu, nikasimama.

Nilisimama kwa muda unaotosha kusema "eh".

Mguu wa kulia uliteleza ukaingia kati ya mawe mawili hadi juu ya kifundo. Maji yakanipiga mgongoni, nikalala kifudifudi nikiwa nimeelekea maji yanakokwenda, na mguu umebaki nyuma kama nanga. Kuinuka ilishindikana, na si kwa uvivu. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na pale zilikuwa zinakuja moja baada ya nyingine bila kupumzika. Halafu kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kukusukuma inakuwa mara nne. Ukishalazwa namna ile, misuli ya tumbo haina mjadala na mto. Na ninasema tena, maji yalikuwa ya kiunoni. Mtoto angeyavuka yangekuwa yamelala.

Kilichoniokoa kwanza ni bahati. Maji yaliyokuwa yanapita juu ya kisogo changu yalitengeneza kipaa kidogo mbele ya uso, na chini ya kipaa kile kulikuwa na hewa, kama ya kujaza kofia. Nikawa navuta hewa kwa vijifundo, nusu hewa nusu manyunyu. Mikono ilikuwa mbele inapapasa, haina cha kushika. Nakumbuka niliona kokoto chini zinaviringika, moja nyeupe, nikawa naifuata kwa macho kama ndiyo kazi niliyopewa.

Na mwalimu wangu? Alikuwa anafukuza kayaki! Ile niliyoipindua, ya kukodisha. Alipita pembeni yangu akipiga kasia kwa bidii, kwa sababu kutoka alipokuwa alimwona mtu "amesimama" mtoni, na si ndiyo alivyoniagiza? Kayaki ilifika salama. Wakuu, nimeshamsamehe kwa mengi ila hilo bado nalifanyia kazi.

Walioniokoa ni watu wa kundi jingine waliokuwa wamekaa ukingoni wanakula. Mmoja alirusha mfuko wa kamba, mwingine akavuka na kayaki kushika ncha ya pili ng'ambo. Wakaitandaza kamba kukatiza mto mbele yangu, wakaisogeza juu hadi ikafika kifuani, nikaiegemea, kichwa kikatoka. Hapo ndipo nilipopumua pumzi nzima. Kisha wakanivuta kurudi upande wa juu ya mto, kwa sababu mguu hutokea kule kule ulikoingilia. Ukimvuta mtu kufuata maji unazidi kumkaza. Ukachomoka. Kiatu hakikuchomoka. Kipo huko mpaka leo, naamini kuna samaki analelea watoto ndani yake.

Matokeo: kano za kifundo zilichanika, goti likapinda upande ambao halikuumbiwa, magongo wiki saba. Mwalimu alinipigia simu siku ya tatu. Akasema, "Ulikanyaga vibaya." NILIKANYAGA VIBAYA! Kana kwamba chini ya mto kuna sehemu za kukanyaga vizuri zimewekewa alama. Kosa si nilipokanyaga, kosa ni kukanyaga.

Sasa sikiliza mkuu. Ukipinduka na kutoka, lala chali. Miguu mbele, kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Usipoviona vidole vyako, basi miguu imezama na inatafuta jiwe. Makalio juu kadiri unavyoweza, magoti yakunjwe kidogo ili jiwe likija ulisukume kwa nyayo. Halafu ogelea kwa mshazari ukitafuta ukingo au edi. Ukiona nafasi ya kufika upesi, jigeuze kifudifudi uogelee kwa nguvu, miguu ikiwa juu juu. Unasimama lini? Makalio yako yakishakaa chini kwenye kokoto. Si miguu, makalio. Najua utaonekana mjinga umekaa kwenye maji ya kifundoni kama mtoto kwenye beseni huku wenzako wanakucheka. Mimi nakaa hivyo hadi leo na wala sioni haya.

Kuna jambo moja linalogeuza hayo yote: mti ulioanguka mtoni. Maji hupita katikati ya matawi, wewe hupiti. Ukiwa unapelekwa huko na huwezi kuukwepa, usiende na miguu mbele. Geuka, uogelee kichwa mbele kwa nguvu zote, na ukiufikia jitupe juu yake, tumbo juu ya gogo. Na kile kizuizi kifupi cha zege kinachokatiza mto mzima, hata kama ni cha urefu wa meza na kinaonekana kizuri kwa picha, teremka ubebe kayaki upite nchi kavu. Maji ya chini yake yanazunguka kurudi nyuma na hayamwachii mtu.

Bwawani nenda, ndiyo, huwezi kuvaa sketi kama hujawahi kuivua ukiwa kichwa chini. Ila bwawa lina ubaya wake ambao sijaona mtu akiusema: ukitoka kwenye kayaki bwawani unasimama sakafuni, unapangusa pua, watu wanapiga makofi. Mara kumi, ishirini. Mwili unajifunza kwamba kutoka maana yake ni kusimama, na siku ya mto haukuulizi. Kwa hiyo hata bwawani ukitoka lala chali, elea hadi ukutani. Watakushangaa, waache.

Daraja? Ni 1 hadi 6, anza na la 1, ila usilifanye daraja kuwa hirizi. Mimi nilinasia kwenye la 2, na mvua ikinyesha kule juu usiku, mto uliolala ukiwa wa 2 unaweza kuamka wa 3. Na kabla ya kupanda kayaki, tafuta mtu anayejua kweli kurusha kamba, asimame mbele yako, upande maji yanakokwenda, wewe uogelee kipande hicho cha mto bila kayaki. Mara tano. Awe mtu wa kumwangalia mtu, si wa kuangalia vifaa vyake. Hilo la wawili kutosha nadhani umeshajibiwa na waliokuwa wanakula ukingoni.

Kasia, sentimita 190 hadi 200 kwa watu wengi. Kayaki fupi au ndefu sikumbuki nilitaka kusema nini. Unatoka lini, Jumamosi hii? Umeshaangalia mvua?