Jibu: Mtu anajuaje kama msaada umesaidia kweli?

Ndugu umeuliza kama mashirika yanajua msaada umesaidia ama ni ripoti tu za kufurahisha wafadhili. Mimi nimezunguka Kakuma, kambi ya wakimbizi huko Turkana, Kenya, na tableti miaka mitatu nikijaza fomu za kuuliza watu baada ya mgao wa chakula, acha nikwambie nilichoona.

Maswali yetu yalikuwa, umepata reshen yote? Ndiyo. Umeridhika? Ndiyo. Nyumba hadi nyumba ni ndiyo tu. Siku moja nimemaliza na mama mmoja wa Sudan Kusini, nafunga tableti, hapo hapo anaingia mama Mturkana, mwenyeji wa pale, na mzigo wa kuni kichwani, wakapatana, mwenye nyumba akachota mtama wa mgao gorogoro mbili (mikebe ya kupimia) akamwaga kwa gunia la mwenzake, kuni zikabaki. Nikamuuliza yule mama wa Sudan Kusini, mbona hukuniambia unauza? "Mwanangu, nikisema si mtanitoa kwa listi?" Na mtama bila kuni utaupika na nini, na sabuni je? Kwa hivyo anauza bei ya hasara, na kwa fomu yangu ameridhika.

2015 ikaja Bamba Chakula, pesa ya chakula kwa laini ya simu, mtu anajichagulia dukani. Hiyo ilisaidia, nasema bila kuficha, lakini ilikuwa ya chakula tu, so sabuni bado ilitoka kwa tumbo, na nilikuta watu laini zao zimekaa kwa mwenye duka sababu ya deni. Hakuna swali la deni kwa fomu! Nilipoomba liongezwe bosi akasema fomu ishapitishwa.

Ukitaka kupima vizuri angalia Siaya, magharibi mwa Kenya, ule utafiti wa pesa za GiveDirectly, shirika linalowapa watu maskini pesa moja kwa moja, vijiji 653, familia zaidi ya 10,000 zikapewa kama dola 1,000 kila moja. Hawakuuliza waliopewa peke yao, waliuliza na majirani wasiopewa, wakafuata biashara na bei sokoni, ndo wakajua kila dola ilizunguka ikawa kama 2.5 kwa uchumi wa pale na bei hazikupanda sana.

Kambini unaweza kuanza kidogo, nenda sokoni wiki moja baada ya mgao uone mtama wa msaada unauzwa ngapi na nani anauza, uliza mlipika mara ngapi jana, mnadaiwa wapi. Halafu rudini kwa watu. Miaka mitatu yote sisi hatukurudi kwa bloku hata moja kuwaambia majibu yao yalibadilisha nini, na yule mama alikuwa akiniona njiani ananiuliza, "ile karatasi yangu ilifika?"